Plasta Pekee Haitoshi

Kama una mama au nyanya aliyekwisha koma hedhi, soma makala haya ukimfikiria yeye. Huko Kakuma, kando ya mto Tarach ambao kwa miezi mingi ni mchanga mtupu, akina mama hufukua maji mchangani na kuyabeba kichwani. Mama wa miaka 60 akiteleza na mtungi wake, akavunjika kifundo cha mkono, wenzake watasema ni bahati mbaya. Akifungwa plasta na kurudishwa nyumbani, nusu ya matibabu imeachwa.

Mfupa unaovunjika kwa kuanguka tu umekwisha dhoofika ndani, na utakaofuata huenda ukawa wa nyonga. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hupungua mwilini. Bila homoni hiyo, mfupa huliwa upesi kuliko unavyojengwa.

Je, tuunenepeshe? Hapa Turkana ina la kutufunza. Baadhi ya visima vyake vina floraidi iliyopita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Madini hayo ndiyo yanayotia meno rangi ya kahawia. Ajabu ni kwamba madaktari wa ng'ambo waliwahi kuwapa akina mama floraidi iyo hiyo kama dawa ya mifupa! Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1990, wa wanawake 202, ulionyesha kuwa mifupa ya kiuno iliongezeka uzito kwa asilimia 35 katika miaka minne, lakini kuvunjika kwa uti wa mgongo hakukupungua. Mifupa mingine ilivunjika zaidi.

Dawa itumiwayo sana leo ni alendronati, kidonge kimoja kwa wiki. Masharti yake ni magumu kidogo: humezwa asubuhi kabla ya kula chochote, kwa bilauri nzima ya maji matupu, si chai wala maziwa. Kisha mgonjwa asilale kwa nusu saa, maana kidonge kikikwama huunguza koo. Mwenye figo mbovu huenda akakatazwa. Ipo pia dawa ya mshipani ya mara moja kwa mwaka, ambayo ingemfaa zaidi mtu anayesafiri kilomita 120 hivi kutoka Kakuma hadi Lodwar. Maziwa, yakiwemo ya ngamia, huongeza kalisiamu, lakini hayachukui nafasi ya dawa.

Siku mama anapotolewa plasta, muulize daktari: na mifupa yenyewe je?