Shamba la Kuku Wako

Maneno yangu ya leo ni juu ya kuku, walakini si juu ya banda wala maradhi yao. Ni juu ya chakula chao, nacho ni chakula kilichopandwa na mwenye kuku mwenyewe.

Watu wengi husema kwamba kuku hujitafutia. Neno hili ni kweli nusu. Wakati wa mvua kuku hupata panzi, mbegu na majani mabichi, wala hahitaji mengi kwetu. Lakini kiangazi kikija, wadudu hutoweka, majani hukauka, na kuku huacha kutaga. Hapo mwenye nyumba huona njia mbili tu: kuwaacha wakonde, au kuwatupia mahindi ya watoto. Ya kwanza ni hasara. Ya pili ni mbaya zaidi, maana miezi hiyo ndiyo ghala huanza kuwa tupu. Iko njia ya tatu, nayo ni kuwapandia kuku chakula chao mbali.

Na tuanze kwa hesabu. Kuku wa kienyeji anayetembea uani akipewa nyongeza ya gramu 40 kila siku hufaidika sana. Kuku 10 watakula gramu 400 kwa siku, yaani kilo 146 kwa mwaka. Hayo hayatimii magunia mawili. Kuku aliyefungiwa ni habari nyingine: yeye hutaka gramu 100 au kuzidi, na 10 wa namna hiyo watamaliza kilo 365. Basi idadi ya kuku na ifuate ukubwa wa shamba.

Chakula cha kuku kina kazi tatu. Ya kwanza ni kutia nguvu, na kazi hii hufanywa na mahindi, mtama na uwele. Penye mvua haba, mtama na uwele hushinda mahindi. Chagua mtama mweupe. Ule mwekundu mchungu ndege hawaupendi shambani, lakini uchungu huo huo humzuia kuku asipate faida yote ya chakula. Muhogo nao wafaa, ila umenywe, ukatwe vipande vyembamba, uanikwe juani hata ukauke kabisa, kwa sababu muhogo mbichi, hasa ule mchungu, una sumu.

Kazi ya pili ni kujenga mwili na yai. Kilo moja ya mahindi ina protini gramu 90 hivi; kilo ya kunde ina gramu 230 hivi. Kwa hiyo kuku alaye mahindi matupu huota mafuta, lakini mayai yake huwa machache. Panda kunde, mbaazi, soya au alizeti. Soya na maharage usiwape mabichi kamwe, maana yana vitu vinavyowadhuru, yapikwe kwanza. Vifaranga nao wana nyama yao ya bure: jaza chungu mabua makavu na samadi yenye unyevu, ukifudikize usiku juu ya tundu la mchwa, na asubuhi utakikuta kimejaa.

Kazi ya tatu ni kulinda afya na kutengeneza ganda. Mchicha, majani ya kunde na ya mlonge hukipa kiini cha yai rangi nzuri ya manjano. Majani ya mlonge yaanikwe kivulini, kisha yatwangwe. Ganda la yai moja lina kalsiamu gramu 2 hivi, nayo lazima itoke mahali. Makombe ya pwani yaliyopondwa yafaa. Hata maganda ya mayai yafaa, bali yakaangwe na kutwangwa sana, kuku asije akajifunza kula mayai yake.

Kwa kuchanganya, chukua mafungu 10: nafaka iliyoparazwa 6, kunde zilizopikwa na kukaushwa 2, dagaa waliotwangwa 1, na majani makavu 1. Asiyepata dagaa aongeze alizeti. Makombe yawekwe chomboni mbali, kila kuku ajilie kadiri ya haja yake, na maji safi yasikosekane.

Sasa nawasihi mnisikilize kwa neno moja zaidi. Wengi huona mahindi yaliyoota kuvu wakasema, "Haya ni ya kuku." Msifanye hivyo! Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye sumu ya kuvu, iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo hiyo iliua watu 125 huko Kenya, katika sehemu za Makueni na Kitui na jirani zake, kwa kula mahindi yaliyoharibika. Kupika hakuiondoi, nayo yaweza kupita kwa kuku ikaingia katika maini na mayai. Kwa hiyo anikeni nafaka juu ya mkeka, si juu ya udongo, na iwekeni ghalani ikiwa kavu kabisa. Iliyooza na ifukiwe.

Mvua zikianza, tengeni kipande kidogo: mistari ya mtama, kunde katikati, mlonge mpakani. Haba na haba hujaza kibaba. Na kiangazi kijacho kuku watakula chao, na watoto watakula chao, na mayai juu yake.