Shamba Kubwa la Mlimani Lauzwa, Lakini Malisho Yana Wenyewe

Katika mwaka wa 2017 liliuzwa huko Marekani shamba la mlimani ambalo madalali walikuwa wamelitangaza kwa bei ya dola milioni 105. Shamba hilo liko katika jimbo la Colorado, upande wa kusini, karibu na mpaka wa New Mexico. Eneo lake ni zaidi ya eka 83,000. Jina lake ni Cielo Vista, maneno ya Kihispania yenye maana ya kuitazama mbingu, na kwa kweli jina hilo si la kujisifu bure, maana ndani ya mipaka yake kimo kilele kiitwacho Culebra, chenye urefu wa futi 14,047. Kilele hicho chapungua kidogo tu kuliko Mlima Elgon.

Safu ya milima iliyomo ndani ya shamba hilo ni maili 20 na zaidi. Sehemu za chini ni nyasi, katikati ni misitu ya misonobari na miti mingine ya nchi za baridi, na juu kabisa ni mawe matupu na theluji. Vijito hushuka kila bonde. Wakati wa baridi theluji hufunika malisho, hata ng'ombe hawawezi kukaa huko. Kwa hiyo kazi ya ufugaji katika milima hiyo hufuata majira: theluji ikiyeyuka mifugo hupandishwa juu kula nyasi changa, na majira ya baridi yakikaribia huteremshwa mpaka bondeni, ambako wafugaji huwa wamekwisha kukata na kukausha majani ya kuwalisha mpaka baridi iishe. Mfugaji asiye na malisho ya mlimani hulazimika kulisha mifugo yake katika yale mashamba ya bondeni majira ya joto, na baridi ikija hana akiba. Jambo hili yafaa likumbukwe, kwa sababu ndilo shina la habari yote inayofuata.

Mkulima akisikia bei ya dola milioni 105 atataka kujua ni ng'ombe wangapi wawezao kuirudisha. Jibu ni kwamba hakuna ng'ombe wa kutosha. Bei hiyo ni kama dola 1,265 kwa kila eka, zikiwamo na eka za mawe ambazo hata mbuzi asingezipenda. Wanunuzi wa mashamba ya namna hii wengi wao ni matajiri waliopata fedha zao katika mafuta, au benki, au viwanda, nao hutaka mahali pa kupumzika, pa kupanda farasi, pa kuvua samaki wa aina ya trauti, na hasa pa kuwinda wale kulungu wakubwa wenye pembe za matawi. Wageni wanaotaka kupanda kilele cha Culebra hutozwa ada na mwenye shamba. Ng'ombe wamo katika tangazo, lakini hawakuwekwa humo kwa ajili ya kupanga bei.

Hata hivyo mnunuzi wa shamba hili alinunua kitu ambacho hakionekani katika picha nzuri za madalali. Alinunua mlima ambao juu yake watu wengine wana haki ya kulisha mifugo, kukata kuni na kukata miti ya kujengea, na haki hizo hazina mwisho. Namna zilivyopatikana, zikapotea, zikapatikana tena, ni habari ya zaidi ya miaka 150.

Zamani nchi hiyo ilikuwa ya watu wa kabila la Ute, ambao waliwinda humo kabla ya wakulima kufika. Baadaye ilihesabiwa kuwa sehemu ya Mexico. Mwanzoni mwa mwaka wa 1844 Gavana Manuel Armijo aliwapa watu wawili ardhi ipatayo eka milioni moja, kwa sharti kwamba wataleta watu wa kuikalia na kuilima. Mmoja wa wawili hao, Narciso Beaubien, alikuwa bado mtoto. Wote wawili waliuawa katika maasi ya Taos ya Januari 1847, na ardhi yote ikaingia mikononi mwa baba yake Narciso, mfanya biashara Charles Beaubien, aliyezaliwa Kanada. Mwaka uliofuata, kwa mapatano ya kumaliza vita, Mexico iliiachia Marekani nchi hiyo yote, nayo Marekani ikaahidi kuziheshimu mali za watu waliokuwamo.

Bwana Beaubien alikuwa na ardhi nyingi na watu wachache. Aliwashawishi watu wa New Mexico, wasemao Kihispania, wahamie huko, na mwaka wa 1851 wakaanzisha San Luis, mji ambao kati ya miji yote ya Colorado ndio wa zamani kuliko mingine. Mwaka wa 1852 walichimba mfereji wa kunyweshea mashamba. Kila jamaa ilipewa kipande chembamba na kirefu, kilichopimwa kwa kipimo cha Kihispania kiitwacho vara, kinachokaribia urefu wa hatua moja ya mtu. Vipande hivyo vilianzia penye maji vikaenda mpaka vilimani, ili kila mtu apate sehemu yake ya udongo mzuri na ya udongo mbaya. Ilikuwa mipango ya busara, na waliolima chini ya mfereji mmoja wataelewa kwa nini.

Lakini kipande chembamba hakiwezi kulisha mifugo, wala hakina kuni, na nchi yenyewe iko juu kiasi cha futi 8,000, ambako baridi haina huruma kwa nyumba isiyo na moto. Mlima ndio uliokuwa ghala la wote. Mwaka wa 1863 Bwana Beaubien aliandika hati kwa Kihispania, ikaingizwa katika daftari la wilaya, akisema kwamba wakaaji wote watafaidi malisho, maji, kuni na miti, kila mtu akiangalia asimdhuru mwenzake. Mwaka wa 1864 alikufa. Ardhi ikauzwa kwa William Gilpin, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Colorado, na katika mapatano ya mauzo hayo mnunuzi alikubali kuziheshimu haki za wakaaji. Baada yake wakaja wenye shamba wengine, mmoja baada ya mwingine, na kwa karibu miaka mia moja watu wa San Luis waliendelea kupandisha kondoo na ng'ombe wao mlimani na kuteremsha kuni kwa magari ya farasi. Mlima huo wao huuita La Sierra.

Mwaka wa 1960 mfanya biashara ya mbao kutoka North Carolina, Bwana Jack Taylor, alinunua sehemu ya mlima ipatayo eka 77,000 kwa dola kama 500,000, yaani dola sita na nusu kwa eka. Bei hiyo ilikuwa nafuu, na sababu mojawapo ilikuwamo ndani ya hati yenyewe, iliyosema wazi kwamba ardhi inauzwa huku watu wa huko wakidai haki za malisho, kuni na miti. Bwana Taylor aliisoma hati, akaichukua nafuu ya bei, kisha akafunga njia za kuingilia mlimani. Mwenye kuhukumu kwa haki hawezi kusema kwamba hakuonywa.

Ili kuondoa madai hayo alikwenda katika mahakama ya Serikali Kuu huko Denver, akaomba hati yake iandikishwe kwa sheria iitwayo Torrens. Sheria hii ilianza Australia, nayo hutaka daftari moja la serikali liwe neno la mwisho juu ya mwenye ardhi ni nani. Sheria ya namna hiyo hiyo ilitumika Kenya pia kwa miaka mingi katika karne ya 20. Faida yake ni kubwa, kwa sababu huondoa magomvi. Hatari yake ni hiyo hiyo: asiyetajwa siku ya kuandika, haki yake hufutika. Mwaka wa 1965 mahakama iliamua kwamba wenyeji hawana haki yo yote mlimani, na mwaka wa 1967 rufani ikashindwa.

Hasara ilionekana upesi. Watu walipunguza mifugo, kisha wengi wakaiuza kabisa. Vijana wakahama kutafuta kazi za mshahara. Waliokwenda mlimani kukata kuni, kama babu zao walivyofanya, sasa waliitwa wezi. Uhasama ulizidi, risasi zikasikika, na mwaka wa 1975 Bwana Taylor mwenyewe alipigwa risasi ya mguu.

Mwaka wa 1981 wenye vipande vya ardhi huko San Luis walifungua kesi mpya katika mahakama ya jimbo. Mawakili walifanya kazi kwa miaka mingi bila ya malipo. Jambo lililofungua mlango si habari za Mexico wala za vita, bali ni jambo ambalo karani ye yote angelitambua: namna watu walivyoarifiwa katika ile kesi ya kwanza. Wengi hawakuletewa barua ya kuitwa mahakamani. Tangazo lilichapishwa gazetini tu, na hali majina yao yalikuwa yanaweza kupatikana katika madaftari ya wilaya kwa mtu aliyetaka kuyatafuta. Mwaka wa 1994 Mahakama Kuu ya Colorado ilisema kwamba uamuzi wa zamani hauwezi kumfunga mtu ambaye hakuarifiwa inavyopasa, kama hapakuwa na bidii ya kutosha ya kumtafuta. Kesi ikarudishwa chini.

Wakati huo Bwana Taylor alikuwa amekwisha kufa, na shamba lilikuwa la mwanawe. Miti ilikatwa kwa wingi katika miaka ya 1990, na watu wa bondeni wakahofia maji yao, wakafanya maandamano penye malango. Serikali ya jimbo ilijaribu kulinunua shamba, lakini mapatano hayakufika mwisho. Mwishoni mwa miaka hiyo lilinunuliwa na mkubwa mmoja wa kampuni ya Enron, ile kampuni ya Texas iliyofilisika mwaka wa 2001.

Tarehe 24 Juni 2002 Mahakama Kuu ya Colorado ilitoa hukumu katika kesi ijulikanayo kwa majina ya Lobato na Taylor. Hukumu hiyo inastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu wengi wameisimulia vibaya. Mahakama haikusema kwamba mlima ni mali ya wenyeji. Shamba ni la mwenye hati, naye aweza kuliuza, kulipangisha na kulirithisha. Lakini majaji waliona kwamba watu hawa walihama makwao kwa kuitegemea ahadi, kwamba bila ya mlima wasingeweza kuishi bondeni, na kwamba waliutumia kwa muda mrefu mbele ya macho ya wenye shamba wote. Kwa hiyo wana haki ya kuingia kulisha mifugo, na kukata kuni na miti kwa matumizi yao ya nyumbani. Haki hizo hazikushikamana na mtu, bali na kile kipande cha ardhi cha bondeni. Akikiuza, haki zafuatana na kipande, na yule aliyenunua ndiye apandaye mlimani.

Kuwinda, kuvua samaki na kutembea kwa starehe hawakuruhusiwa. Yaani mahakama iliwapa wenyeji vitu vile ambavyo madalali hawavitii katika bei, na vile vyenye bei ikamwachia mwenye shamba. Wako watu wa San Luis ambao mpaka sasa hawakuridhika na mgawanyo huo, na si vigumu kuona sababu yao. Mwaka wa 2003 Mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufani ya mwenye shamba.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya makarani, nayo ilichukua miaka mingi kuliko ile ya majaji. Ilibidi kuchunguza maelfu ya viwanja, kimoja kimoja, ili kujua ni vipi vilivyotokana na vile vipande vya zamani, na kumwandikia barua kila mwenye navyo. Waliothibitishwa walipewa funguo za malango. Mwenye shamba alipinga namna kazi hiyo ilivyofanywa, lakini mwaka wa 2018 mahakama ya rufani ya jimbo iliikubali.

Hivyo aliyenunua mwaka wa 2017, mrithi wa mali ya mafuta kutoka Texas, alijua kwamba kuna watu wenye funguo. Ugomvi wa baadaye ulihusu seng'enge. Mwenye shamba alianza kujenga ukuta wa waya wenye urefu wa futi nane, akisema kwamba anafuga nyati wa Kimarekani, nao hawazuiliki kwa waya wa kawaida. Wenyeji walisema kwamba wanyama wa mwitu hawawezi kupita, na kwamba matingatinga yaliyosafisha njia ya seng'enge yamelegeza udongo, mvua ikinyesha unateremka mashambani mwao. Mwaka wa 2023 halmashauri ya wilaya ya Costilla iliweka amri ya kusimamisha ujenzi wa seng'enge za urefu huo, na shauri likaingia mahakamani.

Karibu na mji wa San Luis kuna uwanja wa majani wa eka mia sita na kitu, uitwao La Vega, ambao tangu siku za Beaubien haukugawanywa. Huko wenye haki hulisha ng'ombe wao pamoja. Mfereji wa mwaka wa 1852 nao ungali ukitiririka, na katika daftari la maji la Colorado haki yake ndiyo ya kwanza. Maji yake hutoka katika theluji ya mlima ule ule uliouzwa.