OK: herufi mbili zilizotoka gazetini Boston

Tarehe 23 Machi 1839 gazeti la Boston Morning Post, la Marekani, lilichapa herufi mbili, o.k., na papo hapo likaeleza maana yake: "all correct", yaani yote ni sahihi. Msomaji makini atauliza: maneno hayo yanaanza na A na C, O na K zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye mzaha. Miaka hiyo waandishi wa magazeti ya Boston walipenda kufupisha maneno, tena baada ya kuyaharibu tahajia makusudi. "All right" waliigeuza "oll wright", wakaifupisha kuwa O.W. "All correct" nayo ikawa "oll korrect". Ni mchezo uleule wa vijana wetu wanaoandika "xaxa" badala ya "sasa" kwenye simu. Vifupisho vingi vya wakati ule vilikufa haraka. OK iliokolewa na siasa.

Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aligombea muhula wa pili. Alikuwa mzaliwa wa Kinderhook, jimbo la New York, na wafuasi wake wakampa jina la Old Kinderhook, yaani Mzee wa Kinderhook. Kifupi chake kikalingana na kile cha magazeti, wakaanzisha hata klabu za O.K. Wapinzani nao wakazusha kwamba mtangulizi wake, Andrew Jackson, hakujua tahajia, na kwamba ndiye aliyekuwa akiandika herufi hizo kwenye nyaraka za serikali. Haikuwa kweli, lakini uzushi huo uliisambaza OK kuliko hotuba yoyote. Van Buren akashindwa na William Henry Harrison, neno likabaki. Baadaye telegrafu ilipoenea, wapiga ujumbe wakalitumia kuthibitisha kwamba taarifa imefika salama.

Historia hii tunaijua kwa sababu ya mwanaisimu Allen Walker Read, aliyepekua magazeti ya kale na kuchapisha matokeo katika jarida la American Speech mwaka 1963 na 1964. Kabla yake, kila mtu alikuwa na hadithi yake. Rais Woodrow Wilson aliamini kwamba neno ni la Wachoctaw, wenyeji wa Marekani, hivyo akaliandika "okeh". Wengine husema lilianzia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, likimaanisha "0 killed", yaani siku hiyo hakuna aliyeuawa. Hadithi hiyo inaangushwa na kalenda: vita vile vilianza 1861.

Nadharia ya mwanaisimu David Dalby inanivuta zaidi. Yeye aliihusisha OK na Kiwolofu cha Senegal, ambamo "waaw" ni ndiyo. Jambo hili si la kubezwa, kwani Waafrika waliopelekwa utumwani waliacha maneno yao katika Kiingereza cha Marekani. Ningependa iwe kweli, lakini kupenda si ushahidi. Njia ya Boston ina gazeti, tarehe na maana iliyoandikwa kando ya neno. Njia ya Kiwolofu haina maandishi ya kuiunganisha na OK.

Asili hiyo inafafanua pia matumizi ya leo. OK ilianza kama tamko kwamba hakuna kosa, na hadi sasa Kiingereza kinaitumia hivyo: inakubali bila kusifu. Ukiulizwa kama uko OK baada ya kuanguka, unaulizwa kama hujaumia. Meneja "akii-OK" barua, ameiidhinisha tu. Hajasema imeandikwa vizuri. Sisi tumeichukua kama "oke", tukaiweka jirani na "sawa" na "haya", na kwa kukubali jambo au kuhamia hoja nyingine hatuna tofauti na Waingereza.

Tatizo huja kwenye sifa. Mwanafunzi anayeandika kwa Kiingereza kwamba mwalimu wake ni OK hudhani amempongeza, ilhali msomaji wa London ataelewa kwamba mwalimu huyo ni wa wastani. Mgeni akisema pilau lilikuwa OK, mpishi ana haki ya kuguna. Kwa hiyo unapoandika barua ya kumpendekeza mtu kazini kwa Kiingereza, tafuta neno jingine.