Uhakiki wa riwaya si kazi ya kubandika majina

Aghalabu mwanafunzi wa shule ya upili akiulizwa juu ya riwaya aliyoisoma, hujibu kwa orodha. Atataja maudhui matano, sifa sita za mhusika mkuu, tashbihi tatu na methali nne, kisha ataweka kalamu chini akiamini kuwa amekwisha kuhakiki, kumbe amehesabu tu. Tofauti baina ya kuhakiki na kuhesabu ndiyo ninayotaka kuijadili, kwani wengi wa wanafunzi hao hutufikia vyuoni wakiwa wamebeba istilahi tele wasizojua ni za kufanyia kazi gani. Baadhi yao hurudi madarasani kuwa walimu, wakaendeleza yayo hayo.

Lawama si za mwanafunzi peke yake. Mtihani una alama zake na saa zake, na soko la miongozo ya vitabu teule limenawiri. Sipingi miongozo yote. Ipo iliyoandikwa na watu waliozisoma riwaya zenyewe kwa makini. Lakini mwongozo ukitangulia riwaya, mwanafunzi huifungua riwaya kwenda kutafuta ithibati ya jambo aliloambiwa tayari, na asipoliona hudhani kwamba macho yake ndiyo yenye kasoro.

Tuanze na maudhui, ambapo pana mkanganyiko wa istilahi. Katika jadi ya uhakiki iliyoenea Tanzania, kazi ya fasihi hugawanywa pande mbili, fani na maudhui, na dhamira huwa ni kipengele kimoja tu cha maudhui pamoja na ujumbe, migogoro, msimamo na falsafa. Katika madarasa yetu ya Kenya, maudhui huwa ni yale masuala yanayojadiliwa katika kazi, na dhamira ni kusudi la mwandishi. Mwanafunzi anayesoma kitabu cha Dar es Salaam asubuhi na cha Nairobi jioni ana haki ya kuduwaa. Istilahi ni makubaliano baina ya watumiaji wake. Mwalimu na achague fasili moja, awatangazie wanafunzi wake, kisha aishikilie.

Baada ya kukubaliana juu ya jina, kazi ndiyo kwanza huanza. Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, na Utengano ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980. Katika riwaya zote mbili mna binti anayebanwa na baba mkali. Zakaria, mlevi wa Ukerewe, anamchunga Rosa na kumwadhibu vikali kwa ajili ya barua ya mvulana. Bwana Maksuudi, tajiri mwenye cheo na unafiki mwingi, anamfungia Maimuna nyumbani asiujue ulimwengu. Mabinti wote wawili, pindi wapatapo upenyo, wanapotoka. Mwanafunzi wa orodha ataandika “malezi” chini ya riwaya ya kwanza, na “malezi” chini ya riwaya ya pili, na atapata alama zake zote mbili. Je, ameeleza nini?

“Malezi” ni nomino. Riwaya haisemi nomino. Riwaya husema jambo kuhusu nomino hiyo. Rosa anaishia kujiua, baada ya yale aliyoyafanya kumfuata hadi mlangoni mwa ndoa. Maimuna anafika mjini, anaimba kwenye baa, anazama katika ulevi na ufuska, lakini anainuka na hatimaye anaolewa na Kabi. Hapo ndipo mhakiki anapopaswa kusimama na kuuliza: kwa nini mmoja amefungiwa njia zote, na mwingine ameachiwa njia ya kurejea? Kezilahabi anaonyesha nini juu ya jamii inayomhukumu Rosa bila ya kuwahukumu wanaume waliomtumia? Said Ahmed Mohamed anaamini nini juu ya uwezo wa binadamu kujijenga upya? Mwanafunzi akijibu maswali haya kwa kurejelea matukio ya kitabuni, ameanza kuhakiki maudhui, hata kama hakuiandika istilahi yenyewe hata mara moja.

Yapo makosa mengine yanayonikera zaidi, nayo ni ya kumchanganya mwandishi na msimulizi. “Mwandishi anasema maisha hayana maana,” huandika mwanafunzi juu ya Kichwamaji (1974). La hasha! Anayesimulia pale ni Kazimoto, msomi kijana aliyebuniwa, anayesema kwa nafsi ya kwanza. Huyo Kazimoto anajiua; Kezilahabi aliendelea kuandika na kufundisha, na aliaga dunia Januari 2020. Pengine mwandishi anakubaliana na mhusika wake, pengine anamtazama kwa huzuni, pengine anatuonya juu yake. Nafasi iliyopo baina ya hao wawili ndiyo inayotakiwa kupimwa, na mtu hawezi kupima umbali kati ya vitu viwili alivyokwisha kuvifanya kimoja.

Suala hilohilo la msimulizi hutusaidia katika jambo ambalo mimi, kama mwanaisimu, nalipenda mno: lugha. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, husifiwa katika takribani kila insha kwa “utajiri wa lugha”. Sifa hiyo ni ya haki, lakini ikiishia hapo haina uzito. Tuulize, lugha hiyo ni ya nani? Msimulizi ni Msanifu Kombo, mzaliwa wa Tanga, mwana wa Zainabu Makame aliyekuwa mwimbaji wa taarabu, kijana ambaye baadaye anavuka mpaka kuja Kenya kumtafuta baba yake. Ufasaha wake ni urithi. Ni kitu pekee alichoachiwa na mama kisichoweza kunyang’anywa na mtu, na ndicho kinachomtambulisha hata afikapo ugenini, yeye aitwaye pia Kongowea Mswahili. Kwa hiyo lugha hapa ni sehemu ya ujenzi wa mhusika, si pambo lililotundikwa ukutani. Hata jina Msanifu ni majazi, na mwanafunzi akiligundua hilo mwenyewe hataisahau maana ya majazi maisha yake yote.

Juu ya msuko sina mengi. Neno lenyewe limetokana na kusuka, na asukaye ukili hupitisha chane moja juu ya nyingine kwa mpango. Kusimulia upya kisa chote kuanzia sura ya kwanza si kueleza msuko. Tuambiwe tukio lipi limelizaa lipi. Mandhari nayo haiishii katika kutaja “Ukerewe” au “mjini”. Nyumba ya Bwana Maksuudi ni mandhari, na kwa Maimuna ni gereza.

Walimu wataniambia kwamba muda ni mfinyu na madarasa yamefurika. Najua. Hata hivyo, kipindi kimoja kwa juma kinatosha kwa zoezi hili: mwalimu achague ukurasa mmoja wa riwaya, usomwe kwa sauti darasani, kisha istilahi zote zifungiwe kabatini kwa dakika ishirini. Wanafunzi waulizwe tu nani anasema, anamwambia nani, anaficha nini, na ni neno gani lililowagutusha. Majibu yaandikwe ubaoni jinsi yalivyotolewa, kwa Kiswahili chao. Dakika za mwisho ndipo mwalimu aandike mbele ya kila jibu istilahi inayolifaa, na yale majibu yasiyopata istilahi yabaki ubaoni vilevile, yajadiliwe juma lijalo.