Kwa nini tufe la bolingi hupinda, na mchezaji huchaguaje la kutupa

Mmetutumia video ileile mara kadhaa. Mtu anatupa tufe zito, linakwenda ukingoni kabisa kana kwamba limemponyoka, halafu likikaribia mwisho linageuka lenyewe na kuangusha pini zote 10. Baadhi yenu mmeuliza kama chini kuna sumaku. Hakuna. Kuna mafuta.

Huo ni mchezo wa bolingi, unaopendwa sana Marekani. Njia ya kutupia ina urefu wa futi 60, yaani mita 18 na kidogo, kutoka mstari wa mchezaji hadi pini ya mbele. Upana wake ni mbao nyembamba 39 zilizolazwa ubavu kwa ubavu. Siku hizi kumbi nyingi zimeweka plastiki ngumu badala ya mbao, ila mistari imebaki kwa sababu wachezaji huhesabia hapo. Kabla ya mchezo, mashine hupita ikipaka mafuta mepesi ambayo ukiwa umesimama huyaoni. Ni kidogo mno: mililita 20 hadi 30 hivi kwa njia nzima, kama vijiko vya chai vinne hadi sita. Mara nyingi hupakwa futi 40 za mwanzo, na zile za mwisho huachwa kavu. Zamani mafuta yalikuwa ya kulinda mbao zisichubuke, maana tufe huweza kufika pauni 16, zaidi ya kilo 7. Leo ndiyo yanayoamua nani atashinda.

Waendesha bodaboda mtatuelewa haraka. Kwenye tope la mfinyanzi tairi linazunguka lakini pikipiki inateleza tu. Likigusa changarawe, linashika. Tufe nalo hivyo hivyo. Mchezaji hulizungusha kwa vidole anapoliachia. Kwenye mafuta linateleza moja kwa moja, likifika pakavu linashika na kupinda. Anachotaka ni liingie kwa mshazari kati ya pini ya mbele na jirani yake. Likishika mapema mno, nguvu huisha njiani. Likichelewa, hupita pembeni.

Kwa hiyo kinachochaguliwa hasa ni ngozi ya tufe. Ya poliesta ni ngumu na laini, huteleza karibu kila mahali. Ya yurethani, iliyoenea miaka ya 1980, hushika taratibu na kupinda bila fujo. Ya resini, iliyokuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, ina vitundu vidogo sana vinavyokunywa mafuta, na ndiyo maana mnamwona mchezaji akifuta tufe kwa taulo kila mara. Njia yenye mafuta mengi huhitaji resini iliyosuguliwa kwa msasa. Njia yenye mafuta machache huhitaji tufe lililong'arishwa, au yurethani. Wengi hukosea hapa wakidhani lenye ngozi kali ndilo bora siku zote. Pakavu, hilo huuma sakafu mapema na kufika kwenye pini limechoka.

Wachezaji wana hesabu yao ya kuanzia: chukua urefu wa mafuta kwa futi, toa 31. Mafuta yakiwa futi 40, jibu ni 9, basi tufe litoke kwenye mafuta likiwa karibu na ubao wa 9 kutoka ukingoni. Ni makadirio, si sheria.

Tatizo ni kwamba mafuta hayatulii. Kila tufe likipita linakomba kidogo na kusukuma mengine mbele. Baada ya michezo miwili mitatu, palipokuwa na utelezi pamekauka, na tufe lililokuwa likitii asubuhi linaanza kupinda mapema. Anayetumia mkono wa kulia husogeza miguu kushoto kutafuta mafuta mabichi, au hubadili tufe. Ndiyo maana wachezaji wa kulipwa husafiri na matufe kadhaa. Je, hapo anashinda mtu au mfuko wake? Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1973 Mmarekani Don McCune alikuwa akiloweka matufe yake kwenye kimiminika kikali cha kuyeyushia ili ngozi ilainike na kushika zaidi. Wakati huo hapakuwa na kanuni ya kumzuia. Alishinda mashindano sita mwaka huo na kuwa mchezaji bora wa mwaka. Baadaye zikawekwa kanuni za ugumu, na hadi leo ngozi hupimwa kwa kifaa chenye kisindano. Kimiminika kile, tuseme wazi, hushika moto upesi na mvuke wake unadhuru, hivyo asikijaribu mtu nyumbani.

Nanyi mkifika siku moja kwenye ukumbi wa bolingi Nairobi, matufe mtakayoyakuta rafuni kwa kawaida ni ya plastiki ngumu. Msihangaike kuyapindisha kama kwenye video. Chagueni la uzito mnaoweza kuubembeza bila bega kuvutika, lenye matundu ambayo vidole vinaingia na kutoka bila kukwama, kisha tupeni moja kwa moja. Hata mabingwa, ikibaki pini moja pembeni, huchukua tufe kama hilohilo, kwa sababu halijali mafuta.