Ziba Nyufa, Lakini Jiko Lisilale Ndani

Kuanzia Juni hadi Agosti usiku huwa wa baridi katika vilima vya Tarime. Watu wa Muriba na Nyamwaga wanaijua baridi hiyo. Kule Serengeti, upande wa Mugumu, nako alfajiri si mchezo. Basi nyumba itengenezwe mapema, masika ikiisha, udongo ungali laini.

Kwanza tafuta upepo unaingilia wapi. Mchana funga mlango na madirisha, ukae gizani. Kila unapoona mwanga, hapo ndipo baridi itakapopita usiku. Changanya udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe. Lowesha ukuta kwanza, maana udongo haushiki penye ukavu. Siliba, uache ukauke. Utapasuka kidogo, siliba tena.

Nyumba ya bati ina taabu yake. Bati hupoa upesi usiku. Pumzi za waliolala hugeuka maji chini ya bati, na alfajiri yanawadondokea. Weka dari ya magunia au mikeka ya matete. Huko Marekani wako watu wanaoishi ndani ya mabasi makuukuu waliyoyageuza nyumba. Taabu yao ni hiyo hiyo ya bati, na dawa yao ni hiyo hiyo: kitu kinene kati ya bati na mtu.

Sasa tusikilizane. Nyumba ikishazibwa, wengine huingiza jiko la mkaa chumbani. Husema, "Mkaa umeshakuwa mwekundu, hauna moshi, una ubaya gani?" Ubaya upo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa safi. Mtu huumwa kichwa, hushikwa na kizunguzungu, hutapika. Aliyelala huenda asiamke tena. Wazee walilala na moto, ni kweli, lakini paa lao la nyasi lilipitisha hewa. Nyumba yako ya bati na saruji haipitishi.

Oteni moto jikoni, mlango ukiwa wazi. Wakati wa kulala jiko litoke nje, hata likibaki na makaa mawili. Juu ya ukuta acha tundu usilizibe. Tundu hilo ni la pumzi zenu, si ruhusa ya kuingiza jiko. Wanaolala chini watandikiwe nyasi kavu chini ya mkeka.

Ukimkuta mtu amelegea chumbani penye jiko, fungua mlango, mtoe nje haraka, kisha mpeleke hospitali hata kama amezinduka.