Joto na Kelele katika Tarakilishi ya Mezani

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Katika tarakilishi ya mezani, dalili ya joto ni mvumo wa feni. Watumiaji wengi huuona mvumo huo kuwa kero tu, na wapo wanaothubutu kuchomoa waya wa feni ili wafanye kazi kwa utulivu. Makala haya yanaeleza joto hilo linatoka wapi, huondolewa vipi, na kwa nini kelele ya feni haifai kunyamazishwa kabla ya kueleweka.

Takriban umeme wote unaoingia katika tarakilishi huishia kuwa joto. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mtambo, ina mamilioni na siku hizi mabilioni ya transista zinazowaka na kuzima mara nyingi mno kila sekunde. Kila badiliko hula umeme kidogo. Kasi ikiongezwa, joto huongezeka kwa kiwango kicho hicho. Volti zikiongezwa kwa asilimia 10, joto hupanda kwa takriban asilimia 21. Kwa kuwa kasi kubwa aghalabu huhitaji volti za juu, mwendo hulipiwa mara mbili.

Historia inathibitisha hoja hii. Prosesa ya 80386, iliyotolewa na kampuni ya Intel mwaka wa 1985, iliweza kufanya kazi bila feni. Kufikia mwaka wa 2004, baadhi ya prosesa za Pentium 4 zilikuwa zikitoa joto la zaidi ya wati 100 kutoka kwa kipande kidogo kuliko stempu ya posta. Mwaka huo huo Intel iliachilia mbali mpango wa kuuza Pentium 4 ya gigahezi 4. Mnamo 2006 ikatoa Core 2 Duo, yenye viini viwili na kasi ya chini, ambayo kiwango chake cha joto kilikuwa wati 65 katika aina nyingi za mezani. Hivyo basi, joto lilichangia pakubwa kugeuza mkondo wa teknolojia yenyewe.

Joto husafiri kwa hatua. Kwanza hutoka kwenye prosesa na kupitia pesti maalumu inayoziba nafasi ndogo ndogo ambazo zingejaa hewa, kwani hewa hupitisha joto vibaya sana. Kisha huingia katika kipozaji, yaani bamba la shaba au alumini lenye mapezi mengi membamba. Vipozaji vingine vina mirija iliyofungwa yenye maji machache: maji huvukizwa upande wa moto, mvuke hukimbilia upande wa baridi, hugeuka maji tena na kurejea. Hatimaye feni hupuliza hewa kati ya mapezi, na feni nyingine huitoa hewa hiyo moto nje ya kasha.

Kelele huzuka katika hatua hii ya mwisho. Kasi ya feni ikipunguzwa kwa nusu, hewa inayosukumwa hupungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa takriban desibeli 15. Feni mbili zinazolingana, kwa upande mwingine, huzidi moja kwa desibeli 3 tu. Kwa hiyo feni mbili za mwendo wa pole zinaweza kufanya kazi ya feni moja ya mbio kwa kelele ndogo zaidi. Kwa sababu iyo hiyo, feni pana ya milimita 120 hupendelewa kuliko ya milimita 80. Aidha, feni za nyaya nne hupokea ishara kutoka kwa bodi kuu, zikaongeza au kupunguza mwendo kulingana na joto lililopimwa.

Mazingira nayo yana usemi. Kipozaji cha hewa hakiwezi kuifanya prosesa kuwa baridi kuliko chumba. Chumba kikipata joto zaidi kwa nyuzi 10, prosesa nayo hupanda kwa kiasi kama hicho, kazi na mwendo wa feni vikibaki vile vile. Mombasa tatizo ni joto. Eldoret, iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 20, hivyo kila mzunguko wa feni hubeba joto kidogo. Kote kuwili vumbi huziba mapezi na kuilazimisha feni kukimbia zaidi.

Feni ikichomolewa, prosesa ya kisasa hupunguza kasi yake inapokaribia nyuzi 100 za selsiasi, na joto likizidi mtambo hujizima. Tasnifu ambayo haikuhifadhiwa hupotea papo hapo. Anayetaka utulivu na aanze kwa kuzima mtambo na kupangusa vumbi, kuusogeza mbali na ukuta, kuondoa kitambaa kilichoufunika, na kubadilisha pesti iliyokauka. Kasha nalo lifunikwe vyema, kwa maana likiachwa wazi huvuruga mkondo wa hewa na kukaribisha vumbi zaidi. Mtambo unaopumua vizuri hauna haja ya kupiga kelele.